Bibi Titi Mohamed: Sauti ya ngoma iliyowaamsha wanawake wa TANU, ikaishia gerezani kabla ya kukumbukwa

Kila siku maelfu ya watu wanapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed katikati ya Dar es Salaam. Wapo wanaowahi kazini, wapo wanaokwenda Maktaba Kuu, wengine wanakatiza tu Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo. Konda akitaja jina hilo, vijana wengi wanamfikiria bibi kizee fulani wa zamani, basi.

Kumbe alipoanza kuitwa Bibi Titi hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa chini ya miaka 30, na "Bibi" ilikuwa heshima tu ya mwanamke mtu mzima, kama ilivyotumika sana wakati huo. Uzee wenyewe ulikuja baadaye, tena baada ya kupitia mambo ambayo wengi yangewamaliza.

Darasa la nne na ndoa ya mapema

Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Waislamu wa Pwani. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na shule kwa mtoto wa kike Mwafrika ilikuwa bahati. Yeye aliipata bahati hiyo kidogo, akaishia darasa la nne.

Alipovunja ungo akawekwa ndani, kama desturi ilivyotaka. Akiwa na miaka kama 14 hivi akaozeshwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Wakapata mtoto mmoja wa kike, lakini ndoa haikudumu.

Kwa wasichana wengi wa rika lake, hadithi ingeishia hapo: kuolewa tena, kuzaa, kupika, kuzeeka. Titi aliolewa tena kweli, ila alikuwa na kitu kingine cha kwake mwenyewe, sauti.

Nyota wa Bomba

Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa na vikundi kibao vya ngoma vya wanawake. Havikuwa vya burudani tu. Wanachama walichangiana kwenye misiba na harusi, waliuguzana, na walikuwa na viongozi wao waliowasikiliza kuliko hata wakubwa wa serikali.

Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Mwimbaji kiongozi ilibidi ajue kusimama mbele za watu bila woga, kubadilisha maneno papo hapo na kuufanya umati uitikie. Hakuna aliyejua kwamba hayo yote yangekuja kutumika kwenye siasa.

Swali lililowaumbua wanaume

Julai 7, 1954, TANU ilianzishwa Dar es Salaam, Julius Nyerere akiwa rais wake. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour. Alifurahishwa na aliyoyaona, ila akauliza jambo moja: wanawake wako wapi?

Viongozi walijibaraguza kwamba wapo. Ukweli ni kwamba hawakuwapo wa kuonyesha, ikabidi watafutwe haraka. Jina lililotajwa lilikuwa la Titi wa Bomba.

Alikubali, na baada ya muda mfupi akawa anaongoza tawi la wanawake la TANU. Hakuanza kwa kuwahubiria watu sera. Alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na kwa wanawake waliokuwa wakipika na kuuza pombe, kwa sababu alijua hao ndio wenye watu na ndio wenye hela zao mkononi. Ukimpata kiongozi mmoja wa ngoma, umepata kikundi kizima.

Ndani ya miezi michache tu ya mwaka 1955, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga. Ikumbukwe kwamba watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na vyama vya siasa, hivyo wanaume wengi waliosoma walikuwa wanaogopa kupoteza kazi. Wanawake hawa hawakuwa na ajira serikalini ya kupoteza. Walinunua kadi, wakachangisha fedha, wengine wakatoa mapambo yao yauzwe ili chama kipate nauli na mafuta ya gari.

Titi alizunguka majimbo na Nyerere. Jukwaani alikuwa moto: mara anaongea, mara anaimba, mara anawachapa wanaume kwa maneno hadi wanacheka huku wanajisikia vibaya. Mwanamke wa Kiislamu wa Pwani kusimama mbele ya umati wa wanaume na kuwaambia wajitawale halikuwa jambo dogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, ukimwondoa Nyerere mwenyewe, ni watu wachache sana waliojulikana Tanganyika nzima kama yeye.

Uhuru, cheo na kuanguka

Desemba 9, 1961, Tanganyika ikawa huru. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Akaingia bungeni na kushika nafasi ya naibu waziri. Binti wa darasa la nne alikuwa sasa anakaa meza moja na watu waliotoka vyuo vikuu vya Ulaya.

Lakini mambo yalianza kubadilika. Kwenye mikutano ya kudai uhuru, kilichohitajika ni sauti na ujasiri. Ofisini kulihitajika mafaili, ripoti na Kiingereza. Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ule wa alama za jembe na nyumba, alipoteza kiti chake cha Rufiji.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Februari 1967 na Azimio la Arusha. Pamoja na mengine, Azimio lilikataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa amejenga nyumba kwa mkopo na alikuwa anapangisha.

Kwa macho ya leo unaweza kudhani ni tamaa. Lakini mtu aliyekulia Dar es Salaam anaelewa. Mwanamke asiye na vyeti, aliyewahi kuachika na mwenye mtoto wa kulea, hakuwa na pensheni wala mshahara wa uhakika. Chumba cha kupangisha ndicho kilikuwa bima yake. Mume anaweza kuondoka na cheo kinaweza kuisha, ila mpangaji analipa kila mwezi.

Bibi Titi hakujificha wala kuandikisha nyumba kwa majina ya ndugu. Alichagua nyumba, akaachia uongozi. Kwa chama hilo lilionekana ni kwenda kinyume na ujamaa. Kwake yeye, kuachia nyumba kulikuwa na maana ya kuanza kumtegemea mtu mwingine.

Kizimbani

Oktoba 1969 alikamatwa. Yeye na wanaume sita, akiwemo aliyekuwa waziri wa kazi Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, walishitakiwa kwa uhaini. Serikali ilidai kulikuwa na njama ya kuipindua, na kwamba kinara wake alikuwa Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa amekimbilia London.

Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu nchi ipate uhuru. Ilianza kusikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, na shahidi mkubwa wa upande wa mashitaka alikuwa Potlako Leballo, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini. Bibi Titi alikana mashitaka. Mwanzoni mwa mwaka 1971 hukumu ikatoka: kifungo cha maisha.

Mwanamke aliyewaingiza maelfu kwenye chama akawa mfungwa wa serikali ya chama hicho hicho. Akiwa gerezani, mumewe alimpa talaka. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka.

Miaka ya ukimya

Alitoka akiwa na miaka 46 hivi, lakini mji ulikuwa umemgeuka. Watu waliokuwa wakijaa nyumbani kwake walipotea. Kuonekana naye ilikuwa hatari, au watu waliamini hivyo, na kwa mtu aliyezoea umati matokeo ni yale yale. Jina lake halikusikika kwenye sherehe za uhuru aliouimbia.

Hakuanza kampeni ya kulipiza kisasi na hakukimbia nchi. Alibaki Dar es Salaam, akaishi maisha yake kimya kimya, akazeeka kama bibi mwingine yeyote wa mjini.

Taratibu nchi ikaanza kumkumbuka. Mwaka 1991, Tanzania ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano. Watafiti nao walikuja kumsikiliza. Mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alirekodi maisha yake na ya wanawake wenzake wa TANU, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Kwa wasomaji wengi, hapo ndipo ilipojulikana wazi kwamba uhuru haukuletwa na wasomi peke yao. Wapika pombe na waimba ngoma walikuwamo tangu mwanzo.

Nyerere alifariki Oktoba 1999. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, Novemba 5, 2000, Bibi Titi naye akafariki hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na miaka 74.

Alichoacha

Hakuacha hotuba nyingi zilizochapishwa. Nyimbo na maneno yake mengi yaliondoka na watu waliomsikia. Kilichobaki ni barabara yenye jina lake katikati ya mji aliozaliwa, na nafasi ambazo wanawake wa leo wanaziona za kawaida: kugombea, kupanda jukwaani, kumiliki nyumba kwa jina lao.

Kwa hiyo kesho ukipita pale Mnazi Mmoja na konda akalitaja jina hilo, yupo nyuma yake mwanamke mmoja wa darasa la nne aliyejua kuimba, aliyetaka nyumba yake mwenyewe, na aliyelipa gharama zote mbili.