Sembène, kuli aliyemwandika dada wa kazi

Leo tunamtazama Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi na mtengenezaji wa filamu aliyefariki Dakar Juni 2007. Wengi humkumbuka kwa riwaya zake. Sisi tumemchagua kwa sababu ya msichana mmoja wa kazi za ndani.

Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Shule alifukuzwa kwa ugomvi na mwalimu mkuu. Akawa mwashi, fundi wa magari, kisha askari wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Baadaye alikuwa kuli bandarini Marseille. Huko aliumia mgongo, na huko huko, katika maktaba ya chama cha wafanyakazi, akajisomesha.

Senegal ilipata uhuru mwaka 1960. Sembène aligeukia filamu kwa kuwa wengi kwao hawakujua kusoma, na mwaka 1966 alitoa filamu ya Diouana, kutokana na hadithi aliyoiandika mwenyewe. Diouana analea watoto wa familia ya Kifaransa Dakar, nao wanamwita awafuate Antibes, mji wa pwani ya Ufaransa. Anadhani ataendelea kulea watoto. Anakuta jiko na deki, na mlango hatoki. Barua ya mama yake ikifika, bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anaanza kuandika majibu kwa niaba yake bila kumuuliza. Kwetu, hapo ndipo penye uchungu kuliko kwenye mshahara. Diouana anaichana barua. Anagoma kupika, anachukua tena kinyago alichowazawadia, na fedha anazirudisha. Mwishowe anajiua.

Bwana anapeleka mshahara kwa mama wa marehemu. Mama yule maskini hazigusi. Mtoto anavaa kile kinyago na kumfuata mzungu nyuma nyuma, naye anaongeza mwendo huku akigeuka hadi anafika kwenye gari.

Sembène hakuwahurumia mabosi weusi pia. Katika Xala, riwaya ya 1973, mfanyabiashara aliyeneemeka na uhuru anafilisika, na nguvu za kiume zimemtoka. Ombaomba wanaingia nyumbani kwake. Mmoja wao ni mtu aliyedhulumiwa ardhi naye. Sasa masharti ni yao: akitaka kupona, avue nguo wamtemee mate. Filamu yake ilipotoka mwaka 1975, serikali ya Senegal iliamuru vipande kadhaa vikatwe.