Gabriel Voisin

Gabriel Voisin (5 Februari 1880 – 25 Desemba 1973) alikuwa mhandisi na mtengenezaji wa ndege na magari kutoka nchini Ufaransa. Pamoja na mdogo wake Charles alianzisha kimojawapo cha viwanda vya kwanza vya ndege duniani. Anakumbukwa pia kama mmoja wa watu wa kwanza kufanya majaribio ya breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, ambazo siku hizi zinajulikana kama breki za ABS.

Maisha ya awali

Voisin alizaliwa Belleville-sur-Saône, mji mdogo ulio kaskazini mwa Lyon. Baba yake aliiacha familia watoto wakiwa wadogo. Mama yao aliwahamishia Neuville-sur-Saône, karibu na babu yao aliyekuwa na kiwanda. Babu huyo alisimamia masomo yao, na wavulana hao wawili walitumia muda wao wa mapumziko kuunda vyombo vya kila namna.

Gabriel alisoma sanaa na usanifu majengo huko Lyon, kisha akaenda Paris. Huko aliiona ndege ya mvumbuzi Clément Ader mwaka 1900, wakati wa Maonyesho ya Dunia. Tangu hapo akavutwa na urukaji.

Ndege

Mwaka 1904 aliajiriwa na Ernest Archdeacon, tajiri aliyekuwa akidhamini majaribio ya kuruka. Mwaka 1905 Voisin aliruka juu ya mto Seine kwa ndege isiyo na injini, iliyowekwa maboya na kuvutwa na motaboti. Baadaye alishirikiana kwa muda na Louis Blériot, lakini mwaka 1906 waliachana, naye akafungua kiwanda huko Billancourt pamoja na Charles.

Tarehe 13 Januari 1908 Henri Farman alitumia ndege ya akina Voisin kuruka mzunguko wa kilomita 1 na kurudi alipoanzia, akashinda zawadi ya faranga 50,000. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kufanyika Ulaya. Mwaka 1912 Charles alifariki katika ajali ya gari.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndege za Voisin zilitumiwa na jeshi la Ufaransa kudondosha mabomu. Tarehe 5 Oktoba 1914 Joseph Frantz na Louis Quenault, wakiwa ndani ya ndege aina ya Voisin III, waliidungua ndege ya Ujerumani. Hiyo huhesabiwa kuwa ndege ya kwanza kudunguliwa na ndege nyingine vitani.

Magari

Baada ya vita Voisin aliacha kutengeneza ndege, akageukia magari mwaka 1919. Kampuni yake iliitwa Avions Voisin, na magari yake yalisifiwa kwa wepesi na ukimya wa injini. Mwaka 1923 aliingiza katika mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa gari lililojengwa kwa mbinu za ndege. Mmoja wa wahandisi wake, André Lefebvre, alihamia baadaye Citroën na kuongoza usanifu wa gari maarufu la DS.

Voisin alikuwa pia rafiki wa msanifu majengo Le Corbusier. Mpango wa kujenga upya sehemu ya Paris, uliotolewa mwaka 1925, uliitwa Plan Voisin kwa sababu yeye aliudhamini.

Magari hayo yalikuwa ghali, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiangusha biashara yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alibuni Biscooter, gari dogo sana la bei nafuu. Wafaransa hawakulipokea, lakini lilitengenezwa nchini Hispania kwa jina la Biscúter.

Breki zisizofunga magurudumu

Ndege inapotua kwa kasi, rubani akikanyaga breki kwa nguvu magurudumu hujifunga. Hapo matairi huteleza badala ya kuzunguka, huweza kupasuka, na chombo hakiongozeki tena. Rubani alilazimika kuongeza nguvu ya breki polepole huku akikisia kikomo chake.

Katika miaka ya 1920 Voisin alijaribu kuiachia mashine kazi hiyo. Kifaa chake kilikuwa na gurudumu zito la chuma lililozunguka kwa kasi moja na gurudumu la ndege. Gurudumu la ndege likipungua kasi ghafla, lile zito liliendelea kuzunguka na kufungua vali. Mafuta kidogo ya breki yalipita kando, shinikizo likapungua, na gurudumu la ndege likaachiwa lizunguke tena. Hapakuwa na umeme wala kompyuta.

Wazo hilo lilichukua miongo kadhaa kufika barabarani. Kampuni ya Dunlop ilitengeneza mfumo wa Maxaret kwa ajili ya ndege katika miaka ya 1950, na mwaka 1966 ukawekwa kwenye gari la Jensen FF. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walileta ABS ya kielektroniki.

Kifo na urithi

Voisin alifariki Ozenay, katika mkoa wa Saône-et-Loire, akiwa na umri wa miaka 93, miaka mitano kabla ya ABS ya kielektroniki kuanza kuuzwa.

Leo magari ya kwanza yenye ABS yamezeeka. Vipuri vyake ni ghali au havipatikani, hivyo baadhi ya wamiliki huuondoa mfumo huo na kurudisha breki za kawaida. Kazi hiyo si ya kukata nyaya tu. Katika baadhi ya magari kifaa cha ABS ndicho pia kinachomsaidia dereva kukanyaga breki, kwa hiyo fundi hulazimika kuweka masta silinda na buta nyingine, mabomba mapya, na vali ya kupunguza nguvu inayokwenda nyuma. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari huweza kuzunguka barabarani. Katika nchi kadhaa badiliko hilo hukatazwa au hudai ukaguzi.

Hata likifanywa vizuri, humrudisha dereva mahali alipokuwa rubani wa enzi za Voisin: ni mguu wake mwenyewe unaopaswa kujua lini kuachia breki.