Irene Sharaff: Mbunifu wa mavazi aliyewavika watoto wa mfalme jukwaani

Fundi yeyote wa cherehani anajua kwamba kumshonea mtoto si sawa na kumshonea mtu mzima. Mtoto hatulii akipimwa, na nguo iliyomkaa vizuri Januari huenda ikambana kabla ya Juni. Sasa chukua watoto zaidi ya kumi, wapandishe jukwaani mara nane kwa wiki mbele ya ukumbi uliojaa, na kila mmoja wao aonekane kweli mtoto wa mfalme. Hiyo ndiyo kazi aliyokabidhiwa Irene Sharaff mjini New York mwaka 1951.

Sharaff alikuwa mbunifu wa maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Huyu si lazima ashone mwenyewe. Anasoma mchezo, anachora kila vazi, anachagua kitambaa na rangi, kisha anasimama juu ya mafundi mpaka vazi litoke kama alivyolichora. Watazamaji wengi hawalijui jina lake, lakini mhusika anapotokea jukwaani, kabla hajafungua mdomo, nguo imeshasema kama ni tajiri au maskini, mgeni au mwenyeji.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1910, akasomea uchoraji New York. Akiwa bado msichana aliingia kwenye jumba la maigizo la Civic Repertory lililoongozwa na mwigizaji Eva Le Gallienne, ambako tiketi ziliuzwa kwa bei nafuu ili watu wa kawaida nao waweze kuingia. Pale alikuwa msaidizi wa Aline Bernstein, mbunifu mwenye jina wakati ule. Baadaye alikwenda Paris kusoma zaidi. Aliporudi, mwaka 1932, alipewa kazi kubwa ya kwanza ya peke yake: kuvisha igizo la Alice in Wonderland, hadithi ya mtoto wa kike anayekutana na wanyama wanaozungumza na karata zinazotembea. Alifuata michoro ya John Tenniel, ile iliyokuwa ndani ya kitabu chenyewe, kwa sababu watoto walishaizoea na wangeona mara moja kama amekosea. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia.

Turudi mwaka 1951. Watunzi Richard Rodgers na Oscar Hammerstein walikuwa wameandaa The King and I, mchezo wa nyimbo na dansi unaomhusu Anna Leonowens, mwalimu aliyefika Siam mwaka 1862 kuwafundisha watoto wa Mfalme Mongkut. Siam ndiyo nchi tunayoiita leo Thailand. Waliotengeneza mchezo huo walikuwa Wamarekani, na watazamaji wao karibu wote hawakuwa wamewahi kufika huko. Chochote ambacho Sharaff angewavika waigizaji, watu wangeamini kwamba ndivyo Siam ilivyokuwa. Jukumu hilo si dogo.

Alianza na kitambaa. Mmarekani mmoja, Jim Thompson, alikuwa ameweka makazi Bangkok baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na kuanza kuuza nje hariri iliyofumwa kwa mkono. Wafumaji wake wengi walikuwa familia za Waislamu wa mtaa wa Ban Krua, kando ya mfereji, wakifuma majumbani mwao. Hariri yao ina siri moja: nyuzi za urefu zinaweza kuwa za rangi moja na nyuzi za mapana za rangi nyingine. Ukiigeuza kwenye mwanga, kitambaa kinabadilika mbele ya macho yako, sasa chekundu, sasa cha dhahabu. Chini ya taa za jukwaani kinang'aa hata kwa aliyekaa viti vya nyuma kabisa. Sharaff aliitumia hariri hiyo, na mchezo ulipopata umaarufu, hariri ya Thailand nayo ikajulikana Marekani. Wale wafumaji wa kando ya mfereji wakapata soko ambalo hakuna tangazo la biashara lingeweza kuwaletea kwa haraka namna ile.

Kuna sehemu katika mchezo huo ambayo haina maneno kabisa. Muziki unapigwa, na watoto wa mfalme wanaingia mmoja baada ya mwingine kumsalimu baba yao na kumwona mwalimu mpya. Mmoja anaingia kwa madaha, mwingine kwa haya, mwingine anasahau adabu na kukumbushwa. Aliyeipanga miendo hiyo ni Jerome Robbins, lakini fikiria ingekuwaje kama watoto wote wangevaa sare moja kama wanafunzi mstarini. Mtazamaji angeona kundi tu. Hapa ilibidi waonekane wa nyumba moja, na papo hapo kila mtoto awe mtu wake.

Vazi la Siam la zamani lilikuwa na faida yake. Ni shuka refu linalofungwa kiunoni, kisha ncha yake inapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, likawa kama suruali pana. Mtoto anaweza kupiga magoti, kusujudu na kukimbia bila kukanyaga upindo. Jambo jingine, na hili nalisema kwa ajili ya walimu wanaoandaa maigizo shuleni, vazi la kufunga linamvumilia mtoto anayekua. Lile la kubana linadai kushonwa upya kila mara. Mchezo ule ulionyeshwa mara 1,246 kwa karibu miaka mitatu, na katika muda kama huo mtoto wa miaka 8 si yule tena.

Upande wa pili alikuwa Anna, na gauni zake za Kizungu za karne ya 19, zilizotandazwa kwa pete ngumu ndani ya sketi. Sharaff alizifanya kubwa makusudi. Mwigizaji Gertrude Lawrence alikuwa mwembamba, lakini akizunguka na mfalme katika ile dansi yao maarufu, gauni la satini lilijaza jukwaa zima. Gharama yake ilikuwa uzito: inaelezwa kwamba mavazi yake yalifika pauni 75, yaani kama kilo 34. Kibaya zaidi, Lawrence alikuwa mgonjwa bila watu kujua ukubwa wa ugonjwa wake. Alifariki Septemba 1952 mchezo ukiwa bado unaendelea, akazikwa akiwa amevaa gauni lile la dansi.

Sharaff ndiye pia aliyemwambia Yul Brynner, aliyeigiza kama mfalme, anyoe kichwa chote. Brynner hakulipenda wazo hilo mwanzoni. Lakini lilikuwa na mantiki, maana Mongkut wa kweli aliishi miaka 27 kama mtawa wa Kibudha kabla ya kutawala, na watawa hao hunyoa. Brynner alibaki na kipara hicho karibu maisha yake yote, na ndicho kilichomtambulisha duniani.

Si kila mtu alifurahi. Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 1956, Thailand iliipiga marufuku kwa kuona inamdhalilisha mfalme wao. Kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kukasirika: mfalme aliyekuwa msomi wa lugha na elimu ya nyota alionyeshwa kama mtu wa kufundishwa ustaarabu. Kitambaa kilikuwa cha kwao kweli, hadithi haikuwa.

Mwaka 1957 alivisha West Side Story, mchezo wa vijana wa magenge ya mitaani. Suruali zao za jinzi zilitengenezwa kwa kitambaa maalumu, zikatiwa rangi mara kadhaa ili zisifanane. Mmoja wa watayarishaji, Harold Prince, aliona ni ubadhirifu, na baadaye akaleta jinzi za kawaida za kiwandani. Muda ulipopita alitazama jukwaa na kujiuliza mbona mchezo umepoteza uzuri wake. Kosa hilo alikuja kulikiri mwenyewe.

Sharaff alipata tuzo tano za Oscar kwa filamu, ikiwemo ya The King and I, na tuzo ya Tony ya mwaka 1952 kwa mchezo wenyewe. Alifariki New York tarehe 16 Agosti 1993, akiwa na miaka 83. Mchezo ule uliporudishwa Broadway mwaka 1996, na tena mwaka 2015, watoto wengine walipimwa na mavazi mengine yakachorwa. Roger Kirk na Catherine Zuber, waliobuni mavazi hayo mapya, kila mmoja kwa zamu yake alipata Tony.