Mary Livingstone: mke wa daktari ambaye huzuni yake haikutibiwa

Wakazi wengi wa Tabora wanalifahamu tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji. Hapo ndipo Dk. David Livingstone alipokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Watoto wetu wa Ulyankulu hujifunza habari zake shuleni, lakini habari za mke wake, Mary, hazisimuliwi sana. Yeye hakufika Tabora, kwani alifariki miaka 10 kabla. Tunamsimulia hapa kwa sababu aliolewa na daktari, na bado huzuni yake haikupata tiba. Jambo hilo linaweza kumpata mama yeyote, hata yule asiyekosa kliniki.

Utoto na ndoa

Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 huko Griquatown, kusini mwa Afrika. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uingereza. Alikulia Kuruman na alizungumza Kitswana vizuri. Mwaka 1845 aliolewa na Livingstone, ambaye alipata leseni ya udaktari huko Glasgow mwaka 1840. Walipohamia Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, nyumba ilimtegemea Mary. Alioka mikate, alitengeneza sabuni na mishumaa, na alifundisha watoto wadogo.

Uzazi wa mfululizo na msiba

Kati ya mwaka 1846 na 1851 Mary alijifungua watoto 5. Mwaka 1850, akiwa mjamzito na watoto 3 wadogo, alisafiri kwa gari la ng'ombe kuvuka nchi kavu hadi Ziwa Ngami. Muda mfupi baada ya kurudi alijifungua binti, Elizabeth. Mtoto huyo aliugua na kufariki akiwa na umri wa wiki 6 hivi. Mary mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso.

Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito tena, na mumewe akapanga safari nyingine. Mama mzazi wa Mary alimwandikia mkwewe barua ya kumkemea. Hata hivyo walikwenda. Njiani maji yaliwaishia na watoto wakateseka kwa kiu. Mwezi Septemba 1851 Mary alijifungua mtoto wa kiume kando ya mto, wakiwa bado safarini.

Upweke

Mwezi Aprili 1852, huko Cape Town, Mary alipanda meli na watoto 4 kwenda Uingereza. Mumewe alibaki Afrika kuendelea na safari zake. Walitengana zaidi ya miaka 4. Mary alikosana na wakwe zake, akawa anahama nyumba hii hadi ile, na fedha zilikuwa haba. Watu wa wakati wake walisema kwamba alianza kunywa pombe. Livingstone aliporudi Desemba 1856 alipokelewa kama shujaa, lakini mizigo ya Mary haikuisha.

Mwaka 1858 waliondoka pamoja kuelekea mto Zambezi, lakini Mary alikuwa mjamzito tena. Alibaki Kuruman, akajifungua binti wao wa mwisho, kisha akarudi Uskoti. Mwanzoni mwa mwaka 1862 alimfuata mumewe Zambezi. Baada ya miezi 3 hivi, tarehe 27 Aprili, alifariki kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa chini ya mbuyu. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba kwa mara ya kwanza maishani naye alitamani kufa.

Daktari hakuona nini?

Livingstone hakuwa daktari mzembe. Aliijua kwinini, na alichanganya vidonge vya homa vilivyowasaidia wengi. Lakini wanafunzi wa udaktari wa wakati wake walifundishwa zaidi upasuaji, dawa na homa. Matatizo ya akili yaliachiwa nyumba za wendawazimu. Kwa hiyo uso uliopooza ulikuwa ugonjwa, na homa ilikuwa ugonjwa. Kufiwa na kichanga, mimba za mfululizo na upweke vilihesabiwa kuwa mambo ya nyumbani.

Sisi hatumpimi mtu aliyefariki zamani. Tunachosema ni kwamba mama mwenye historia kama hiyo, akija kliniki leo, anapaswa kuulizwa kuhusu moyo wake pia. Hapa kwetu wapo akina mama wanaobaki na watoto peke yao, baba akiwa mbali kwenye mashamba ya tumbaku au porini kurina asali.

Mafunzo yamebadilisha nini?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwafundisha madaktari wa kawaida, matabibu na wauguzi kutambua na kutibu sonona, kifafa, matatizo ya pombe na mengineyo. Mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache. Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, iko Dodoma. Mama mwenye kichanga hawezi kusafiri hadi huko kila anapolemewa. Daktari wa familia yake ni yule tabibu au muuguzi wa zahanati.

Shirika hilo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona.

Mtoa huduma aliyefundishwa:

- Hukuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama bado unafurahia mambo uliyoyapenda.
- Hukusikiliza faragha, bila kukukaripia.
- Hukupima pia upungufu wa damu na magonjwa mengine yanayoleta uchovu.
- Hukupa ushauri, na dawa ikihitajika. Zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia kwa maelekezo.
- Hukuandikia rufaa hali ikiwa nzito.

Wewe ufanye nini?

Machozi na hofu katika siku chache za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki 2. Huzuni ikizidi wiki 2, au ukikosa hamu ya mambo yote hata ya mtoto, nenda zahanati. Usiishie kusema kichwa kinauma. Sema pia kwamba moyo umechoka, na tangu lini. Kama umefiwa, kama uko peke yako au kama kuna pombe au kipigo nyumbani, mwambie mtoa huduma.

Baba, bibi, shangazi na jirani: msimwambie mzazi ajikaze. Mpokeeni mtoto ili alale, mpikieni, na msindikizeni kliniki.

Nenda kituo cha afya leo hii, usisubiri, kama mama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaongea maneno yasiyoeleweka. Asiachwe peke yake, wala asiachiwe mtoto, mpaka apate huduma.