Mary Pickford: Mtoto Aliyekatazwa Kukua

Wengi katika wasomaji wetu hawakupata kuiona hata sinema moja ya Mary Pickford. Alifariki tarehe 29 Mei 1979, na sinema yake ya mwisho ilitoka mwaka 1933. Walakini zilikuwapo zama ambapo wanawake ambao sura zao zilijulikana kama yake walikuwa wachache mno duniani. Twayaeleza maisha yake leo si kwa ajili ya umaarufu huo, maana umaarufu ni moshi, bali kwa sababu yana fundisho ambalo halijachakaa. Mwanamke huyu alianza kazi akiwa mtoto wa miaka saba. Alipokua alifaulu kuwa bwana wa kazi yake mwenyewe, jambo ambalo wafanyakazi wachache hulipata. Illa kitu kimoja hakufaulu kukimiliki, nacho ni umri wake.

Alizaliwa mjini Toronto, Kanada, tarehe 8 Aprili 1892, akaitwa Gladys Louise Smith. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ndogo ndogo, tena mwenye kupenda ulevi, naye alifariki mwaka 1898 akimwacha mkewe, Bibi Charlotte, na watoto watatu: Gladys, aliye mkubwa, mdogo wake Lottie, na Jack, kitinda mimba. Mjane yule hakuwa na urithi wala elimu ya kumpatia mshahara. Alishona nguo za watu, na chumba kimoja cha nyumba yake akakipangisha.

Riziki huja kwa mlango usioutazamia. Mpangaji mmojawapo alikuwa msimamizi katika kikundi cha waigizaji wa jukwaani, naye akatoa shauri kwamba watoto wale wapewe nafasi katika mchezo. Basi mwezi wa Januari 1900 Gladys akapanda jukwaani mjini Toronto. Hakupelekwa huko kwa kutafuta sifa. Alipelekwa kwa sababu nyumbani palihitajiwa chakula.

Tangu siku hiyo mtoto yule akawa nguzo ya nyumba. Kwa miaka kadhaa yeye na mama yake na wadogo zake walizunguka miji ya Marekani kwa garimoshi, wakifuata vikundi vya waigizaji vya daraja la chini, wakilala katika vyumba vya bei rahisi, na mara nyingine wakitenganishwa, huyu akienda na kikundi hiki na yule na kingine. Shule hakuipata kwa utaratibu. Kusoma alijifunza kwa mama yake na kwa maneno ya michezo aliyolazimika kuyahifadhi. Wenziwe wa rika lake walipokuwa wakicheza uani, yeye alikuwa akihesabu senti za safari ya kesho. Twawaomba wasomaji wayakumbuke hayo, kwani ndiyo yanayofumbua siri ya mambo yote yaliyofuata.

Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda New York akakaza nia ya kuonana na David Belasco, mmoja wa wakuu wa michezo ya jukwaani katika nchi ile. Alipata alichokitafuta. Belasco alimpa nafasi katika mchezo ulioitwa The Warrens of Virginia, pamoja na jina jipya lililotokana na majina ya ukoo wao: Mary Pickford. Familia nzima ikalifuata jina hilo.

Mchezo huo ulipokwisha, njaa ilirudi kubisha hodi. Mwezi wa Aprili 1909 Mary akaenda katika kampuni ya sinema ya Biograph, iliyokuwa na mwongozaji hodari aitwaye D. W. Griffith. Siku zile sinema ilikuwa kitu kichanga kisicho na sauti, na waigizaji wa jukwaani waliidharau. Malipo ya kawaida yalikuwa dola 5 kwa siku. Msichana yule, ambaye alikuwa ndiyo kwanza atimize miaka 17, alidai dola 10, akapewa. Mwaka huo peke yake alicheza katika sinema fupi zipatazo 50. Majina ya waigizaji hayakutangazwa wakati ule, kwa kuwa wenye kampuni walijua kwamba mtu akijulikana jina lake ataongeza na bei yake. Hivyo watazamaji walimtambua kwa uso na kwa nywele zake za dhahabu zilizojisokota mabegani, hata wakamwita kwa nywele hizo.

Mary alifahamu mapema jambo ambalo wafanyakazi wengi hulifahamu wamechelewa, yaani kwamba watu waliojipanga mlangoni kukata tikiti hawakuja kumtazama mwenye kampuni. Kila mkataba ulipokwisha alikuja na hesabu yake mkononi, na mama yake ubavuni. Bibi Charlotte, aliyekuwa fundi wa nguo, alikuwa amegeuka fundi wa mikataba, na mabwana wakubwa walimwogopa. Mwaka 1913 Mary aliingia katika kampuni ya Adolph Zukor kwa mshahara wa dola 500 kwa juma. Ilipofika mwezi wa Juni 1916 mshahara huo ulikuwa umepanda hata dola 10,000 kwa juma, pamoja na nusu ya faida, na sauti yake mwenyewe katika kuchagua sinema na waongozaji. Alikuwa na miaka 24.

Tarehe 5 Februari 1919 alipiga hatua kubwa zaidi. Wakati huo ilivuma habari kwamba wenye makampuni walikuwa wakila njama ya kuungana ili wapate kuwabana waigizaji na kupunguza mishahara. Mary Pickford, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith waliamua kutosubiri. Wakaunda kampuni yao wenyewe, United Artists, ili sinema walizozitengeneza kwa jasho lao waziuze wao. Wapo waliowacheka, wakinena kwamba vichaa wameshika funguo za hospitali yao. Kampuni hiyo ilidumu, na Mary alikuwa miongoni mwa wenye hisa zake hata mwaka 1956, alipouza sehemu yake kwa dola milioni 3. Wenzake walishuhudia kwamba katika mikutano ya kampuni yeye ndiye aliyezijua hesabu barabara.

Huo ndio upande wa nuru. Sasa yafaa tuutazame upande wa kivuli.

Mary alikuwa mfupi, kimo chake kilikuwa kama futi tano, na uso wake ulikuwa wa kitoto. Mwaka 1917 alicheza sinema ya The Poor Little Rich Girl, akiwa mtoto wa miaka 11, na hali yeye alikuwa na umri wa miaka 24. Viti, meza na milango vilitengenezwa vikubwa kupita kiasi ili aonekane mdogo kati yake. Watazamaji walifurahi mno. Ikafuata Rebecca of Sunnybrook Farm mwaka huo huo, kisha Pollyanna mwaka 1920, na katika zote alikuwa mtoto. Mwaka 1921, katika Little Lord Fauntleroy, alicheza mwana na mama kwa pamoja. Fundi wa kamera aliipitisha filamu mara mbili kwa ustadi hata mama akaonekana akimbusu mwanawe, na wote wawili ni Mary. Sisi twaona kwamba picha hiyo yamweleza kuliko maneno mengi. Mwanamke aliyekuwa mlezi wa nyumba tangu utotoni alikuwa akijipa mwenyewe, mbele ya kamera, ule utoto ambao hakuupata.

Lakini kilichoanza kama dawa kiligeuka kuwa kifungo. Alipojaribu kucheza mtu mzima, kama alivyofanya katika Rosita ya mwaka 1923, wapenzi wake hawakumpokea kwa moyo ule ule. Mwaka 1925 gazeti moja la sinema liliwauliza wasomaji wake wangependa Mary acheze nini. Barua zilipofika zilikuwa na jawabu moja: watoto, na watoto tena. Akatii. Akiwa na miaka 33 alicheza Little Annie Rooney, binti mdogo wa mitaani mwenye kupigana ngumi na wavulana. Mwaka uliofuata akatoa Sparrows, ambamo alikuwa msichana mkubwa kati ya watoto waliofungiwa katika shamba lililozungukwa na tope na mamba, naye akawatoa akiwatangulia. Hiyo ni katika sinema zake bora, na hapana budi tukiri kwamba hakuicheza kwa kubahatisha. Kuongoza watoto wenye njaa katika njia ya hatari lilikuwa jambo alilolijua.

Mama yake alifariki mwezi wa Machi 1928. Miezi mitatu baadaye Mary aliingia katika duka la kinyozi mjini New York, akaagiza zile nywele zake zikatwe. Magazeti yaliiweka habari hiyo mbele kama habari ya vita, na watu walimlaumu kana kwamba ameiba mali yao. Kwa hakika ndivyo walivyodhani, kwamba nywele zile zilikuwa mali yao. Mwaka 1929 akatoa Coquette, sinema yake ya kwanza yenye sauti, akiwa mwanamke mwenye nywele fupi, nayo ikampatia tuzo la mwigizaji bora wa kike kutoka katika Chuo cha sanaa ya sinema, ambacho yeye alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1927. Tuzo alipata, bali watazamaji walikuwa wakimtoka. Baada ya Secrets ya mwaka 1933 hakucheza tena. Alikuwa na miaka 41 tu.

Miaka iliyobaki ilikuwa mingi, tena ilikuwa mizito. Ndoa yake na Douglas Fairbanks, iliyofungwa mwaka 1920 na kushangiliwa karibu dunia nzima, ilivunjika kwa talaka mwaka 1936. Nduguye Jack alikuwa amefariki mwaka 1933, naye Lottie akafariki mwaka huo huo wa talaka. Ulevi, uliokuwa umeiandama familia yake tangu zama za baba, haukumwacha salama. Mwaka 1937 aliolewa na Charles Rogers, mwigizaji mwenziwe, aliyekaa naye hata mwisho. Kadiri siku zilivyopita alijifungia nyumbani kwake, asionekane na watu. Wakati mmoja alifikiri hata kuziteketeza sinema zake, akichelea kwamba vizazi vijavyo vitamcheka. Rafiki zake wakamzuia, na sisi sote twapaswa kuwashukuru.

Haitakuwa haki kumaliza bila ya kutaja wema wake. Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfuko wa kuwasaidia watu wa sinema waliofikwa na dhiki. Mwaka 1932, katika siku za uchumi kuanguka, alisimamia mpango wa wafanyakazi wa sinema wenye mshahara mzuri kutoa nusu ya senti katika kila dola kwa mfuko huo. Haba na haba hujaza kibaba: kwa fedha za mfuko huo ilijengwa nyumba ya kuwatunza wazee wa kazi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1942. Aliyewahi kulala na njaa hakuwasahau wenye njaa.

Basi tuseme nini? Wapo watakaosema kwamba Mary Pickford hana la kuhurumiwa, maana alikufa tajiri. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Ni kweli kwamba alikuwa na bahati ya kuwa na mama mwaminifu. Wengine hawakuipata. Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Chaplin mwaka 1921 katika The Kid, alipokua alikuta mamilioni aliyoyachuma yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Alikwenda mahakamani mwaka 1938 akaambulia sehemu ndogo tu. Kwa ajili ya kisa chake jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939, kwamba sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji iwekwe akiba hata atakapokuwa mtu mzima. Sheria hiyo ni njema, na kila nchi yenye watoto wenye vipaji yafaa iitazame.

Walakini sheria yaweza kulinda fedha ya mtoto. Utoto wenyewe haiwezi kuulinda. Hilo ni jukumu la wazazi, na ni jukumu letu sisi tunaokaa upande wa watazamaji. Mtoto akiimba vizuri, akicheza mpira vizuri, akituchekesha, sisi hupiga makofi na kuomba arudie. Ni nadra kujiuliza kama amekula, kama amesoma, kama amelala. Na siku anapokuja mbele yetu akiwa mtu mzima, mwenye sauti nyingine na sura nyingine, twamkasirikia kana kwamba ametuvunjia ahadi.

Mary Pickford hakuwavunjia watu ahadi yoyote. Aliwatumikia tangu umri wa miaka saba, akadai ujira wake wa haki, akaupata, na akawakumbuka wenziwe. Alichokiomba mwishoni ni kitu kidogo ambacho kila mwanadamu hupewa bila ya kuomba, yaani ruhusa ya kuwa mtu mzima.

Hicho ndicho walichomnyima.