Hindorf: Aliyeleta mkonge Tanga, na siri ya kamba inayokaza ikilowa

Ukishuka kutoka Bungu, juu milimani Usambara, hadi tambarare za Korogwe, unakutana na mkonge: Ngombezi, Magunga, mpaka Hale. Lakini mmea huu si wa asili ya hapa. Aliyeuleta ni Mjerumani, Dk. Richard Hindorf.

Hindorf alizaliwa mwaka 1863, akawa mtaalamu wa kilimo. Alisoma habari za mkonge wa Mexico, akaona utaifaa Tanga. Shida ni kwamba Wamexico hawakutaka mbegu yao itoke. Basi akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani.

Mingi ilifia njiani. Mwaka 1893 ilifika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62, mashamba yakatapakaa. Manamba walitoka mbali, Kigoma na Songea, kuja kukata mkonge. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Sasa jiulize: singa nyembamba vile inapata wapi nguvu?

Hindorf hakuwa mkemia. Mwaka 1920, Wamarekani Latimer na Rodebush walieleza kifungo cha haidrojeni, na baadaye kikasaidia kuielewa singa. Ndani yake kuna minyororo mirefu ya selulosi. Haidrojeni ya mnyororo mmoja inavutwa na oksijeni ya jirani yake. Kifungo kimoja ni dhaifu, ila vikiwa vingi, havikatiki kirahisi.

Mambo yanabadilika kulingana na kimiminika kinachoizunguka singa. Molekuli za maji nazo zina haidrojeni na oksijeni za kushikia, kwa hiyo zinapenya sehemu zilizolegea na kushika nafasi ya jirani. Singa inavimba, msokoto unakaza, kamba inafupika. Mafuta ya taa hayana cha kushikia, hivyo vifungo vinabaki vilevile.

Karatasi, ambayo nayo ni selulosi, inaonyesha jambo hilohilo: ikilowa maji inachanika upesi, ikilowa mafuta bado ni ngumu. Ndiyo maana pia singa ikitoka kwenye korona lazima ianikwe juani. Maji yakiondoka, minyororo inashikana tena.

Hindorf alifariki 1954, mkonge ukiwa bado unatamba. Mwaka huohuo, huko Italia, Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki isiyo na vifungo hivyo. Hainywi maji, haivimbi, haiozi. Kamba zake zilikuja kulipiga soko la mkonge, na familia nyingi za Korogwe zikakosa kazi.

Lakini sifa iliyoipa plastiki ushindi ndiyo leo inayoifanya izagae mitaroni miaka na miaka. Singa, kwa kuwa inakubali maji, inaoza na kurudi udongoni.