Molonket ole Sempele, Morani Aliyeuza Ng'ombe

Katika jubilii hii tunamkumbuka Molonket ole Sempele. Alikuwa morani, kisha akawa miongoni mwa Wamaasai wa kwanza kumpokea Kristo kupitia Africa Inland Mission, iliyofungua kituo Kijabe, juu ya bonde letu la Kedong, mwaka 1903. Mwaka 1909 aliuza ng'ombe apate nauli ya kwenda Marekani, akasoma Boydton, Virginia, katika shule ya Wamarekani weusi. Sisi wafugaji tunajua uzito wake. Wengine wetu, mbuzi mmoja tu wa harambee hututoa jasho! Alirudi mwaka 1912, akalipeleka Neno kwa watu wake, wale wale waliomjua akiwa na mkuki.